Rozela ya Houston

Juni 2022 nilikuwa mhasibu katika kampuni moja ya nishati jijini Houston. Mwaka uliotangulia Rais Biden alikuwa ametia saini sheria ya kuifanya Juneteenth, siku ya kukumbuka tangazo la 1865 lililowafikishia watumwa wa Texas habari za uhuru wao, kuwa sikukuu ya taifa zima, na kampuni zikashikwa na homa ya sherehe. Texas yenyewe ilikuwa ikiitambua tangu 1980, ila ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuichemshia hata chai.

Idara ya utumishi ikaniandikia: tafadhali nivae nguo za Kiafrika, nicheze ngoma kidogo, niseme machache. Sijui nani aliwadanganya kwamba kila Mtanzania anajua ngoma. Nikampelekea mwenyekiti wa kikundi cha wafanyakazi Weusi, mama wa kitengo cha mishahara, mzaliwa wa Galveston, mji wa pwani ya Texas. Alisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, lile tangazo lilisomwa Galveston, halikusomwa Dar es Salaam. Wewe lete kinywaji."

Kinywaji cha siku hiyo huwa chekundu. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya damu iliyomwagika. Kwao mama huyo walizoea soda nyekundu. Mimi nikachemsha rozela kwa tangawizi na iliki, sufuria baada ya sufuria. Injinia mmoja Mnigeria alionja akaapa kwamba ile ni zobo, tena ya mama yake ni tamu zaidi. Kitenge nilivaa, maana nilikipenda mwenyewe. Ngoma, hapana.

Ratiba ya utumishi ilikuwa keki, muziki na picha ya pamoja. Mama aliongeza jambo moja tu: ile Amri Namba 3 ya Jenerali Gordon Granger, ya tarehe 19 Juni 1865, yaani lile tangazo lenyewe, isomwe yote. Si ndefu. Kijana wa idara ya sheria akaanza. Watu wa Texas wanajulishwa kwamba watumwa wote ni huru. Makofi! Mkurugenzi akanyanyua glasi yake.

"Bado hajamaliza," mama akasema.

Kijana akaendelea. Walioachwa huru wanashauriwa wabaki kwa utulivu walipo na wafanye kazi kwa ujira. Hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi. Hawatalishwa wakikaa bila kazi, huko wala kwingineko. Mkurugenzi akabaki na glasi hewani, hajui anywe au aishushe. Nakiri nilifurahi kumtazama. Sherehe za maofisini hupenda sentensi ya kwanza, na hii ya "fanyeni kazi, mtulie" ilikuwa imetua mbele ya watu wanaojadili mishahara yetu kila mwaka.

Mama hakuwapa nafasi ya kupumua. Akawaeleza kwamba hao walioambiwa watulie walichanga fedha, wakiongozwa na watu kama mchungaji Jack Yates, na mwaka 1872 wakanunua ekari 10 hapohapo Houston ili wapate mahali pao pa kuiadhimisha siku hiyo. Ndiyo Emancipation Park. Kumbe wengi mle ndani walikuwa wakipita karibu nayo kila siku.

Baadaye, tukikusanya vikombe, akaniuliza kwetu tunaadhimisha siku gani. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimekulia jirani na majengo ambayo watalii huonyeshwa habari za misafara ya pembe na watu. Nikamwambia Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

"Mwaka 1922? Mama yangu mzazi alizaliwa miaka michache tu baadaye! Na sikukuu yake lini?"

"Hatuna."

Alinitazama, akachukua kalamu, akaliandika jina langu kwenye ratiba ya mwaka unaofuata: Bagamoyo, nusu saa. Utumishi walijibu wiki ileile. Wamelipenda wazo, ila wanauliza kama linaweza kutosha kwenye dakika tano, kabla ya keki.