Avaratra Si Magharibi

Kutoka Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, hadi Mahajanga, pwani ya kaskazini-magharibi, ni kilomita kama 570, usiku kucha, kiti cha watatu tumebanwa wanne. Aliyewahi kusafiri hivyo anajua magoti yanavyokuwa alfajiri, sitamsimulia. Ninachosimulia ni mita mia mbili za mwisho.

Mwenye nyumba ya wageni alinielekeza kwa simu kwa Kifaransa cha kuungaunga: ufike kwenye mbuyu mkubwa wa ufukweni, halafu *avaratra*, nyumba ya nne. Kifaransa changu ni kibovu, lakini Kiindonesia nilikaa nacho Jakarta miaka miwili, na Kimalagasi ni ndugu yake. Ukishajua kwamba Kimalagasi hakipendi neno kuishia na konsonanti, unatambua mengi: *langit*, mbingu, ni *lanitra*, *bulan*, mwezi, ni *volana*, *kulit*, ngozi, ni *hoditra*. Basi *avaratra* nikaisikia kama *barat*. Magharibi! Nikauacha mbuyu nyuma, hatua chache nikafika ukingoni mwa bahari. Magharibi ya mbuyu ule hakuna nyumba ya nne wala ya kwanza. Kuna maji, na mbali kabisa ng'ambo ni Msumbiji.

*Avaratra* ni kaskazini.

Neno nililitambua sawasawa. Ni maana iliyogeuka robo duara. Asili yake si upande, ni upepo: ule wa msimu unaoleta mvua. Kisiwani Java unavuma toka magharibi, Desemba mpaka Machi, ndiyo maana Mwindonesia akitaka kusema magharibi anasema *barat*. Mababu wa Wamalagasi walitoka Borneo ya kusini-mashariki, na mabaharia Wamalayu nao walipita njia hiyo hiyo na maneno yao. Pwani hii ya Madagaska mvua za miezi ile ile zinakuja na upepo wa kaskazini-magharibi. Watu wakaushika upepo, upande ukafuata wenyewe. Radi nayo huku ni *varatra*. Mwenzake amegeuka vivyo hivyo: *timur* ni mashariki kwa Mmalayu, *atsimo* ni kusini kwa Mmalagasi, kwa sababu upepo wa kiangazi huku unatoka kusini-mashariki.

Ufilipino ndiko utakakochoka kabisa. Mvua za Juni mpaka Septemba zinaletwa na upepo wa kusini-magharibi, *habagat* kwa Kitagalogi, na kwa Kiilokano, lugha ya kaskazini mwa Ufilipino, *abagatan* ni kusini. Samoa neno limeacha dira kabisa: *afā* ni kimbunga. Neno lile lile, Jakarta magharibi, Mahajanga kaskazini, Laoag ya Wailokano kusini.

Na sisi watu wa pwani hatuna la kucheka. Kaskazini ni kwenye kaskazi, kusini ni kwenye kusi. Ungehama na majahazi yako mpaka nchi ambako upepo wa Desemba unatoka magharibi, wajukuu wako wangeliita magharibi kaskazini, wala wasione ajabu.

*Laut*, bahari, ni msumbufu zaidi. Kisiwani Bali wanasema *kelod*, kuelekea baharini: ukiwa Denpasar ni kusini, ukivuka milima hadi Singaraja ni kaskazini. Kwa Wailokano, ambao bahari yao iko magharibi, *laud* ni magharibi. Hapa Mahajanga limebaki katika jina la Antalaotra, watu wa bahari, wafanyabiashara Waislamu waliokuwa na undugu na Ngazija na pwani yetu. Sisi tuliwapa Wamalagasi majina ya mifugo: ng'ombe ni *omby*, kuku ni *akoho*, kondoo ni *ondry*.

Mvuta riksho aliyeniokoa akasema elfu kumi. Nikatoa ariari elfu kumi, kwa mita mia mbili, huku moyo ukiniuma. Kumbe alihesabu faranga za zamani. Ariari ilichukua nafasi ya faranga mwaka 2005, faranga tano kwa ariari moja, lakini wengi bado wanataja bei kwa faranga, hasa sokoni na vijijini. Nilidaiwa ariari elfu mbili. Hakunirudishia, na sikumsikia akiomba radhi. Dawa yake ni kuuliza kabla hujapanda: *Ariary sa FMG?*, yaani ariari au faranga za Madagaska? Akijibu FMG, gawanya kwa tano.

Chumba kilikuwa cha bei ya hoteli, feni ya kelele, maji ya moto kwa ahadi. Lakini wali ulikuwa mzuri. Mezani mama akaniambia chumvi iko *atsimo*. Huku upande unatajwa hata ndani ya nyumba, kwa sahani, kwa kiti, kwa mto wa kulalia. Kushoto na kulia havina kazi kubwa. Nikageuka kulia, kwenye pilipili. Akacheka, akanyoosha kidole dirishani, pazia lilikokuwa linapeperuka.