Mkono wa Jagi

Ilikuwa Ramadhani, nyumbani Jang'ombe, Zanzibar, tumeshafuturu. Niliinua jagi la umeme la lita 1.7, maji yametoka kuchemka sasa hivi, mkono wake ukakatika kwa juu, karibu na kifuniko. Maji yote yakanimwagikia pajani na mguuni.

Wifi yangu alinivuta bombani akanimwagia maji ya baridi dakika 20 kamili, jicho lake kwenye saa ya ukutani, na dawa ya meno aliyoileta jirani akaikataa. Huku nyuma mtoto wa dada yangu alishachukua gundi, anainama kuokota vipande.

"Usiguse!" Ami alisema kutoka mlangoni. Ami ni fundi umeme wa siku nyingi. "Usivikutanishe hata kidogo."

Sababu yake niliielewa kesho yake, aliponimulikia kwa tochi ya simu. Pale plastiki ilipokatika pana vijichongo, yaani vijincha vidogo mno, na ndivyo vinavyoeleza kukatika kulianzia wapi. Ukijaribu kuona kama vipande vinakaa pamoja, vijichongo vinasagana na habari yake imekwisha. Kwenye mkono wa jagi langu, sehemu kubwa ilikuwa nyeupe safi kama nyama ya nazi. Lakini kuzunguka tundu la skrubu palikuwa na ukingo wa kahawia, umeshika uchafu na chokaa ya maji. Ule weupe ni wa usiku ule. Ule ukahawia ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea kimyakimya, na jagi lenyewe lilikuwa na wiki tano tu nyumbani.

Vipande havikuokotwa mpaka vimepigwa picha pale pale sakafuni: kwanza kutoka mlangoni jiko zima lionekane, kisha karibu, kisha na rula pembeni. Lebo ya chini ya kitako ilipigwa peke yake, isomeke volti, wati, nambari ya modeli na nambari ya toleo, ile ya kundi lililotengenezwa pamoja. Picha hizo tuliziacha kwenye simu iliyozipiga, kwani WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huikamua na kuipotezea taarifa za saa na tarehe. Anayezitaka alitumiwa kama faili. Kila kipande kikafungwa kwenye karatasi yake, vyote ndani ya boksi lake la dukani. Mfuko wa nailoni Ami aliukataa, maana kwa unyevu wetu huu kitu hutoka jasho ndani kikaota ukungu. Hakuna aliyeliosha jagi, wala aliyelichomeka "kuona kama bado linafanya kazi".

Risiti nayo ina maradhi yake. Maandishi ya mashine ile hutokana na joto, hivyo juani hufifia, na gundi ya selotepu nayo huweza kuyafuta. Tuliipiga picha na kuitoa kopi siku ile ile.

Hospitali nilimwomba daktari aandike chanzo kama nilivyomweleza, kwamba mkono wa jagi ulikatika, asiishie kwenye "ajali ya nyumbani". Jeraha tulilipiga picha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba.

Dukani, Darajani, mwenye duka alikuwa mpole sana. "Lete hilo bovu, dada yangu, uchukue jipya, na pasi nakuongeza." Nilikuwa nimekwenda na picha tu, na nashukuru. Lile bovu likishavuka kaunta, mkononi nisingebaki na kitu cha kuonyesha.

Malalamiko niliyapeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Siku ya kukabidhi boksi tuliandikiana: vipande vitatu, tarehe, nani katoa, nani kapokea, saini mbili, nakala moja nikabaki nayo.

Ofisa wa Tume, palepale dukani Darajani, alilinganisha nambari ya toleo kwenye picha yangu na majagi yaliyokuwa bado rafuni. Akachukua moja jipya, lililokuwa bado kwenye nailoni yake, akalegeza skrubu ya mkono na kuuvua. Alitusogezea sote tuone, na mwenye duka naye akainama. Kuzunguka tundu palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele, na jagi lile halijawahi kutiwa maji.