Mkaa wa Urambo

Likizo ya Pasaka ya 1998 niliimalizia Urambo, mkoani Tabora, kwa mjomba, msimu wa kukausha tumbaku. Bani, jengo la kukaushia tumbaku, halilali. Tumbaku ya mvuke, ile ya kukaushwa kwa joto la tanuru, inataka moto usiku na mchana karibu wiki nzima, joto likiyumba jani linaharibika. Basi tulilala pale pale mlangoni mwa tanuru, tukipokezana kusukuma magogo.

Penseli yangu ilikuwa imekwisha. Asubuhi nikaokota mkaa uliopoa kwenye majivu, mwembamba kama kidole, nikakaa nyuma ya bani kuchora msitu. Msitu wenyewe haukuwepo. Visiki tu, vingine vikichipua. Matrekta ya Waingereza yalikwisha kufyeka sehemu hizi kwa ajili ya karanga. Mpango ule ulipokufa mwaka 1951, ikafuata tumbaku na kuni zake. Mimi nikachora miti, imeshonana hadi ukingo wa karatasi.

Mjomba akaja, akasimama nyuma yangu kimya. Kisha akainama, akaweka kidole kwenye mti wa kushoto.

"Hapa sipo, mjomba. Hapa ulikuwa mninga. Mtundu ulikuwa kule, penye kichuguu. Nilitundika mzinga juu yake."

Akaitaja mmoja mmoja, akitembea kutoka kisiki hadi kisiki, nami nikifuta kwa kiganja na kuchora upya. Alitaka na mzinga uwepo, ule wa gome, umelala kwenye panda. Nilipouchora mfupi akaniambia niurefushe. Vumbi la mkaa lilinijaa kwenye mistari ya kiganja, na lilitoka kwa miti ya namna ile ile.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Théodore Rousseau wa Ufaransa. Mwaka 1847 alichora miti ikiangushwa katika msitu wa Fontainebleau, picha akaiita Mauaji ya Watoto Wasio na Hatia. Yeye na wachoraji wenzake walidai msitu ule ulindwe, na amri ya 1861 ikatenga zaidi ya hekta 1,000 kwa ajili ya sanaa. Nilisoma koo limenikaba. Mjomba aliiangusha ile miti kwa shoka lake mwenyewe, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaikumbuka vipi.

Siku ile moshi wa bani ulianza kuwa mwepesi. Akarudi tanuruni, akasukuma gogo jingine, nami nikabaki namalizia matawi ya mtundu.