Nyota ya Mwaka 1054 Kwenye Mwamba wa Chaco

Huku Lamu, anayerauka kusali alfajiri mwezi wa Julai hukiona Kilimia, kundi la nyota, upande wa mashariki, na karibu na hapo ndipo ilipolipuka nyota ya mwaka 1054, ambayo Wachina waliandika kwamba ilionekana mchana kwa siku 23. Chaco Canyon, nchini Marekani, chini ya mwamba uliojitokeza, pamechorwa mkono, mwezi mwembamba na nyota kubwa. Wapo wanaosema nyota iliyochorwa ndiyo hiyo ya 1054, kwa kuwa tarehe 5 Julai mwaka huo mwezi mwembamba ulikuwa jirani nayo. Hoja hiyo naiona nzito, ingawa mchoro hautaji mwaka na huenda nyota ile ni sayari ya Zuhura. Waislamu wa Shanga, kisiwani Pate, walikuwepo zama hizo, na natamani michoro iliyokwaruzwa kwenye lipu za magofu yetu ichunguzwe kwa makini kama hayo.