Siku moja bandani na jicho jeusi

Saa 12:30 asubuhi. Hapa Usa River, Arusha, bado kuna baridi, Mlima Meru umejifunika wingu. Naingia bandani kuona maua yaliyofunguka. Kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za jicho jeusi, ule mmea wa kutambaa wenye maua ya rangi ya chungwa na koo jeusi. Kitaalamu ni Thunbergia alata, na asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Kwa bibi yangu unajiotea uani bila kupandwa na mtu. Mpaka leo hajaelewa kwa nini nalipwa kulea magugu.

Saa 1:15. Kuchavusha. Hapa hakuna kungoja, ua la leo halikawii kudondoka. Nachota chavua kwa brashi ndogo ya kuchorea kutoka kwa mmea baba, mwenye maua ya rangi ya waridi, nampaka mmea mama, mfupi mwenye matawi mengi anayefaa vikapu vya kuning'iniza. Kila ua nalifunga lebo kwa uzi: mama, baba, tarehe. Naandika kwa penseli. Mwaka jana nilitumia kalamu ya wino, maji yakafuta lebo za siku nzima, nikabaki na matunda yasiyo na baba.

Saa 4:30, baada ya chai. Kazi nisiyoipenda: kung'oa. Kizazi cha pili kimeanza kutoa maua, miche 240, na rangi za mababu zinarudi ovyo. Nang'oa wenye pingili ndefu, wenye petali zilizokunjamana, wenye utando wa utitiri chini ya majani. Tangu 2015 Tanzania imo UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na aina mpya inaweza kulindwa kisheria, ila iwe tofauti na zote zilizopo, ifanane mche kwa mche, na isigeuke vizazi vikipita. "Mzuri kiasi" haisajiliwi.

"Mwanangu, na huu pia unautupa?" anauliza mama tunayefanya naye kazi.

"Rangi sawa mama, lakini jicho limepauka."

"Basi nipe nikapande kwangu."

Mmea wa majaribio hautoki getini, anajua, na kila wiki anaomba. Inabaki miche minne.

Saa 7. Ugali, maharage, usingizi wa dakika kumi.

Saa 8. Kuhasi. Ndiyo, maua nayo huhasiwa. Nachagua tumba litakalofunguka kesho, nafungua vile vijani viwili vinavyolikumbatia, nalishika kwa kibano na kuvuta petali polepole. Stameni, sehemu za kiume zenye chavua, zimeshikana na petali, kwa hiyo zote nne zinatoka kwa mkupuo mmoja, kinabaki kijiti chembamba cha jike. Ukivuta kwa pupa, nacho kinakuja. Ukichelewa, kesho ua limeshajichavusha. Leo nimeharibu matano. Mgongo unauma, na mikono inaanza kujibu.

Saa 10. Tak! Tunda la jicho jeusi ni kitufe chenye mdomo mrefu kama wa ndege. Likikauka linapasuka na kurusha mbegu mbali. Hili nilisahau kulivika kifuko cha neti. Mama na mimi tunapiga magoti chini ya meza, tochi za simu zikiwaka. Yeye anaokota mbili, mimi moja. Zilikuwa nne, kigae kilichobaki kinaonyesha.

Naokota na lebo. Penseli inasomeka vizuri kabisa: baba, yule wa waridi.