Nilivyoumudu upande wa mifugo nikitokea kwenye mikorosho

Nilipojiunga na chuo mkoani Mtwara kusomea stashahada ya kilimo na mifugo, upande wa mazao haukunipa shida. Nimekulia Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ambako mtoto huanza kuokota korosho kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu alipoeleza kwamba mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miche kama 28 kwa ekari, na kwamba salfa hupulizwa ili kuyakinga maua na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, nilikuwa nikiyasikia kwa mpangilio wa darasani mambo ambayo baba aliyafanya kila mwaka. Kilichonitisha ni mifugo. Kwetu maji ni ya shida na ng'ombe si mnyama wa kila nyumba. Tulikuwa na kuku wa kienyeji na mbuzi wachache, basi.

Wenzangu waliotoka kwenye jamii za wafugaji waliingia zizini kana kwamba wanaingia sebuleni kwao. Niliona mapema kuwa sina sababu ya kushindana nao katika kumkamata dume, nikaamua kuingia kupitia mlango ninaoujua, yaani lishe, kwa kuwa chakula cha mnyama kwa sehemu kubwa ni zao au mabaki ya zao. Majani ya karanga yakianikwa vizuri baada ya kung'oa ni malisho mazuri ya kiangazi. Maganda ya muhogo yana wanga mwingi, lakini hukaushwa kwanza juani ili kupunguza sumu ya sianidi. Mashudu ya ufuta, ambayo watu wengi hawayathamini, yana protini nyingi.

Hesabu ya kuchanganya chakula, ambayo wengi waliiogopa, ndiyo iliyonipa moyo. Tuseme pumba za mahindi zina protini asilimia 10, mashudu ya alizeti asilimia 28, nawe unataka chakula cha kuku wa mayai chenye asilimia 16. Unatoa 16 kwenye 28 unapata 12, ambazo ni sehemu za pumba. Unatoa 10 kwenye 16 unapata 6, ambazo ni sehemu za mashudu. Kwa hiyo ni kilo mbili za pumba kwa kilo moja ya mashudu, ukipima kwa uzito na si kwa macho. Madini na vitamini huongezwa baadaye.

Matibabu yalihitaji mkono zaidi kuliko hesabu, na hapo sikuwa na njia ya mkato. Nilizoea kwenda bandani asubuhi, kabla mbuzi hawajafunguliwa, nikimsaidia mhudumu kuwashika huku nikivuta taratibu kope ya chini ya kila mmoja. Utando wa ndani ukiwa mwekundu, damu inatosha. Ukififia hadi kukaribia weupe, kuna uwezekano mkubwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni. Baada ya muda jicho langu lilizoea tofauti hizo. Kupima uzito bila mizani nako kulinifaa sana: unapima mzingo wa kifua kwa inchi, unauzidisha kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili kuanzia begani hadi kwenye mfupa wa matako, na jumla yake unaigawa kwa 300 upate ratili. Mbuzi mwenye kifua cha inchi 30 na urefu wa inchi 24 hukadiriwa kuwa na ratili 72, karibu kilo 33. Dawa ya minyoo inayotolewa chini ya kipimo ni hasara maradufu, kwa sababu minyoo inayobaki hujenga usugu.

Mafunzo kwa vitendo niliyafanyia Kilwa. Ni vyema ieleweke kwamba mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamishwa kutoka bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, na sehemu yao ilikuja mkoa wa Lindi, kwa hiyo afisa ugani wa kusini anayejua korosho na ufuta peke yake hatoshi tena. Hata hivyo kazi niliyoifanya zaidi kule haikuwa ya ng'ombe, ilikuwa ya kuchanja kuku dhidi ya mdondo (kideri) kwa chanjo ya I-2. Tulianza alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Akina mama waliwashika, nami nikidondosha tone moja katika jicho moja, awe kifaranga au jogoo, nikisubiri apepese ndipo aachiwe. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, huyu aliyelegea naye?" Nikamweleza kwamba chanjo si dawa, na kuku aliyekwisha kuugua haitamponya, basi atengwe na wenzake. Alimfunga kamba mguuni akampeleka nyuma ya jiko.

Kinga hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ugumu wake umo kwenye kalenda kuliko kwenye tone lenyewe. Tulikubaliana na akina mama hao kwamba duru iliyofuata ifanyike Septemba, kwa kuwa kuanzia Oktoba watu wanashinda mashambani wakiokota korosho na hakuna anayebaki nyumbani wa kushika kuku.