GTA V: Nilivyozikuza pesa za wizi wa mwisho kwa misheni nne za Lester

Mchezo wa video wa Grand Theft Auto V ulitoka Septemba 2013, na hadi leo kosa linalowagharimu wengi wanaocheza hadithi yake ni lile lile: Lester, mpangaji wa kazi za uhalifu, akimwita Franklin, mmoja wa wahusika watatu unaowaendesha pamoja na Michael na Trevor, wachezaji wanakimbilia. Franklin anamuua mtu aliyeagizwa, analipwa dola elfu kadhaa, na mchezaji anadhani kazi imelipwa. Malipo ya kweli hayako hapo. Yako kwenye soko la hisa la mchezo, kwa kuwa kila mauaji husogeza bei za hisa za kampuni fulani, na ukubwa wake unategemea wahusika wako wana kiasi gani mfukoni siku unapoifanya kazi yenyewe.

Nimeimaliza hadithi hii mara mbili. Mara ya kwanza nilizifanya misheni za Lester kadiri zilivyojitokeza, nikaishia na fedha za kununulia magari na silaha tu. Mara ya pili niliziacha nne zikae hadi hadithi ilipoisha. Tofauti kati ya michezo hiyo miwili ilikuwa mamia ya mamilioni.

Misheni hizi ziko tano. Ya kwanza, Hotel Assassination, hairuki. Usipoifanya hadithi haiendi mbele. Nne zinazobaki ni Multi Target, Vice, Bus na Construction, nazo zinaweza kusubiri. Alama ya Lester itakaa kwenye ramani na utaiona kila unapoifungua. Iache.

Hesabu ndiyo inayokuonyesha kwa nini. Kwa viwango nilivyovipata, na ambavyo hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, hisa za Debonaire hupanda kama asilimia 80, za Redwood kama 300, Fruit 50, Facade 30, Vapid 100 na GoldCoast 80. Ukizungusha fedha zile zile kutoka hisa moja hadi nyingine bila kuzitumia, mtaji unazidishwa takriban mara 50. Mwenye dola 10,000 atatoka na nusu milioni. Mwenye milioni 25 atatoka na zaidi ya bilioni 1.2. Muda unaotumia ni ule ule na risasi ni zile zile.

Milioni 25 hizo hutoka kwenye wizi wa mwisho, The Big Score, ambao dhahabu yake inafikia dola milioni 201.6. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha bila kujua, kwenye ubao wa kuchagua timu. Ukichukua njia iitwayo Subtle, unahitaji mtaalamu wa kompyuta. Paige Harris anadai asilimia 15, Rickie Lukens anadai 4. Asilimia 11 za tofauti ni kama milioni 22. Zigawe kwa watu watatu, kila mmoja amekosa milioni 7 na ushee. Kisha zidisha kwa 50. Rickie si fundi kama Paige, na safari ya kutoka na magari inakuwa na msukosuko zaidi, lakini ni jambo la kuendesha kwa makini tu. Kwa madereva, Taliana Martinez ni lulu: anachukua asilimia 5 na anaendesha kama Eddie Toh anayetaka 14. Ila Taliana hatokei ubaoni mpaka umkute amepata ajali barabarani huko kaskazini na kumpeleka salama, kwa hiyo ukiona alama ya tukio upande wa Mlima Chiliad usiipite.

Kwenye uamuzi wa mwisho chagua C, Deathwish, ili Michael, Trevor na Franklin wote wabaki hai. Kila mmoja ana akaunti yake na hisa zake, hivyo mikono mitatu inavuna zaidi ya miwili. Fedha za dhahabu huingia baada ya misheni hiyo kwisha.

Kuhusu ile ya hoteli ambayo huwezi kuiahirisha: nunua Betta Pharmaceuticals kabla ya kuanza, uuze baada ya bei kupanda, kisha ununue Bilkinton iliyoporomoka baada ya mkuu wake kuuawa. Bilkinton inachelewa, inataka kama wiki nzima ya mchezo. Mifuko bado ni myembamba wakati huo, kwa hiyo usihangaike nayo kupita kiasi.

Sasa soko lenyewe. Kwenye simu ya mhusika fungua intaneti, nenda sehemu ya fedha na huduma, utakuta masoko mawili. LCN linaendeshwa ndani ya mchezo wako peke yako. BAWSAQ limeunganishwa na mtandao, linahitaji uwe hewani, na kuna saa ambazo huduma haipatikani kabisa. Debonaire, Redwood, GoldCoast na Bilkinton ziko LCN. Betta, Fruit, Facade na Vapid ziko BAWSAQ. Asiye na intaneti ya uhakika asikate tamaa: Debonaire, Redwood na GoldCoast peke yake huzidisha mtaji karibu mara 13.

Utaratibu wangu haukubadilika kutoka misheni moja hadi nyingine. Kwanza nilisevu kwenye nafasi ya peke yake, mbali na ile inayojiandikia yenyewe, kwa sababu mchezo husevu wenyewe misheni inapokwisha na ukiwa umekosea, kosa limeshaandikwa. Kisha niliingia kwa Michael nikanunua kwa fedha zake zote, nikahamia kwa Trevor nikafanya hivyo hivyo, na mwisho Franklin, kwa kuwa yeye ndiye anayekwenda kazini. Kosa linalotokea mara nyingi ni kununua kwa Franklin tu kisha kuanza misheni. Ukishaianza, wale wawili wamebaki nje.

Kununua mapema hakuna faida, na kuchelewa kuuza kuna hasara. Bei ikifika kileleni haikai pale kukusubiri, inateremka. Ndiyo maana saa ya mchezo ni muhimu kuliko bunduki. Siku moja ya mchezo ni dakika 48 za kweli, lakini kitanda kinarukisha saa mbele: Michael akilala anavuka saa 6, Franklin 8, Trevor 12. Saa ni moja kwa wote watatu. Kwa hiyo nilipohitaji siku mbili nilimtumia Trevor kwenye trela yake ya Sandy Shores, analala mara nne, basi. Kusevu kupitia simu hakusogezi saa, na wengi wanakwama hapa: wanasevu kwa simu mara kumi wakishangaa bei haiendi popote.

Anza na Multi Target. Watatu wote wawe na Debonaire, mshindani wa Redwood. Lester anataka wazee wa baraza la mahakama walionunuliwa na kampuni ya sigara ya Redwood, nao wako wanne sehemu tofauti za Los Santos huku saa ikihesabu. Bunduki ya darubini inatosha. Uwezo wa Franklin wa kupunguza kasi ya mambo akiwa kwenye usukani ndio utakaokuokolea sekunde kati ya mlengwa mmoja na mwingine, hivyo usiumalize kwenye barabara iliyonyooka. Uweke kwa makutano. Misheni ikiisha, fungua LCN papo hapo na uangalie safu ya faida kwenye orodha ya hisa zako. Inapogusa 80, au inapoacha kupanda, uza zote kwa watu watatu.

Kisha nunua Redwood, ambayo sasa iko chini kabisa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika mpango huu wote. Baada ya kulala mara ya kwanza kwa Trevor, faida ilikuwa bado ndogo, na kidole kinawasha kuuza. Usiuze. Lala ya pili, ya tatu, ya nne. Kati ya kila usingizi na mwingine fungua ukurasa uangalie. Unapoona karibu na 300, uza. Hatua hii moja ina nguvu kuliko nyingine yoyote. Milioni 45 za Franklin zilizotoka Debonaire zinakuwa 180.

Vice ni fupi. Nunua Fruit kwenye BAWSAQ, muue Jackson Skinner ambaye kazi yake iko Facade, uza Fruit kwenye 50, halafu chukua Facade iliyoanguka na uiache ipumue siku kadhaa. Facade ndiyo dhaifu kuliko zote. Kama BAWSAQ inasumbua siku hiyo, mimi ningeiacha bila majuto.

Kwa Bus hakuna cha kununua kabla. Watu hukosea hapa kwa mazoea: wanajaza hisa za Vapid kwanza, misheni inaisha, bei inadidimia wakiwa ndani. Nenda na fedha taslimu. Franklin anachukua basi na kulipeleka kituo baada ya kituo, anasimama, mlango unafunguka, abiria wanapanda. Endesha kama dereva wa basi kweli, maana ukiharakisha unaharibu kazi. Isaac Penny akishtuka kituoni hukimbia kwa baiskeli, na basi lile lile ndilo silaha iliyo karibu kuliko zote. Penny alikuwa mtu wa kutaka kuimeza Vapid, kwa hiyo kifo chake kinaipa kampuni nafuu ya baadaye. Nunua Vapid mara tu misheni inapoisha, lala siku mbili, uza ikiwa imejirudufu.

Construction ndiyo ya kufunga. GoldCoast kwenye LCN, watu watatu, fedha zote. Enzo Bonelli yuko juu ya jengo linaloendelea kujengwa na walinzi wako kila ghorofa, hivyo vaa fulana ya kuzuia risasi na upande taratibu kutoka kificho hadi kificho. Usiruhusu helikopta iondoke naye. Ukifa unarudia, na hisa zako hazipungui kwa sababu bei haisogei mpaka kazi ikamilike. Uza kwenye 80. Hakuna hisa ya pili baada ya hii.

Ukifika na zaidi ya milioni 42 mwanzoni utagonga kikomo cha mchezo: akaunti ya mhusika haipiti dola 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa kwenye nafasi ambayo programu imeitengea. Ukikaribia hapo, nunua mali kwanza ndipo uuze hisa.

Na mali zenyewe zinunuliwe kwa kupenda, si kwa mapato. Los Santos Golf Club inauzwa milioni 150 na inaleta dola 264,500 kwa wiki. Inataka wiki 567 kurudisha fedha yake. Gati la Sonar, kwa upande mwingine, ni 250,000, linapatikana baada ya The Merryweather Heist, na kila pipa la taka za nyuklia unaloliibua baharini kwa nyambizi linalipa 23,000. Mapipa ni 30, ukiyamaliza unaongezewa 250,000, jumla 940,000. Hili mimi nililifanya katikati ya hadithi, wakati yale manne ya Lester bado yanasubiri kwenye ramani, na kila dola ya mapipa iliingia Debonaire pamoja na dhahabu.